Bendera ya Admirali, Kutoka Kilwa Hadi Duluti

Ukimuuliza Mtanzania mahali wanapopikwa maofisa wa majini, atakutajia Kigamboni, na hatakuwa amekosea. Huko ndiko yaliko makao ya Kamandi ya Jeshi la Wanamaji, na huko ndiko zinakofunga gati meli za kivita. Lakini ofisa wa majini akishaanza kunukia vyeo vikubwa, huenda akajikuta amepandishwa mlimani. Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania kipo Duluti, jirani na Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kuiona bahari yenyewe kutoka hapo, panda basi la Tanga na ujiandae kwa safari ya zaidi ya kilomita 400.

Tengeru ni nchi ya migomba na kahawa, na ya soko linalofurika Jumatano na Jumamosi hadi magari ya barabara ya Moshi yapunguze mwendo. Ni mahali pa vyuo pia: mifugo, maendeleo ya jamii, utafiti wa mboga na matunda, na taasisi ya sayansi yenye jina la Nelson Mandela. Maji yake makubwa ni Ziwa Duluti, ziwa la kreta ambalo mtu mwenye kasia hulimaliza kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo maofisa wa nchi kavu, wa anga na wa majini huketi darasa moja kujifunza kuongoza vikosi vikubwa. Na hapo ndipo linapozuka swali linalowasumbua waandishi wa habari, watangazaji wa redio na watu wa itifaki kila wanaposhika orodha ya wageni waalikwa: huyu mkubwa wa majini anaitwa nani hasa, na ukubwa wake unalingana na wa nani?

Tuanze na ngazi zenyewe, maana vurugu nyingi huanzia hapo. Katika mfumo uliorithiwa kutoka kwa Waingereza, Meja wa nchi kavu analingana na Luteni Kamanda wa majini. Luteni Kanali analingana na Kamanda. Kanali analingana na Kapteni. Brigedia Jenerali analingana na Komodoo, Meja Jenerali na Ria Admirali, Luteni Jenerali na Vaisi Admirali, na Jenerali kamili na Admirali kamili. Juu ya hapo wapo Fildi Masha na Admirali wa Meli Zote, vyeo ambavyo huku kwetu havina mwenyewe, labda kwa wale waliojitunuku.

Tazama tena ngazi ya Kapteni. Kapteni wa nchi kavu ni ofisa kijana anayeongoza kombania. Kapteni wa majini ni mtu mzima mwenye hadhi ya Kanali, aliyekwisha kukabidhiwa meli ya kivita na roho za watu ndani yake. Gazeti likiandika tu kwamba “Kapteni fulani amehudhuria hafla”, msomaji hana njia ya kujua kama huyo ni wa kukaa mstari wa mbele au wa nyuma. Ndiyo maana majeshi mengi hubandika neno “majini” pembeni ya cheo, na mhariri anayelifuta ili kuokoa nafasi anamshusha mwenzake ngazi tatu kwa kalamu moja.

Watu wa Meru wana kumbukumbu yao ya neno hili kapteni, na si nzuri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na Tengeru ya leo. Aliyekuja kulipiza kisasi kutoka boma la Moshi alikuwa Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani, na kampeni zake ziliwaacha Wameru na Waarusha wakiwa wamepoteza watu na ng’ombe. Johannes alikuwa kapteni wa nchi kavu, cheo ambacho kule Ulaya kisingemtoa jasho mtu yeyote. Huku mlimani kilitosha kuvunja utawala. Miezi miwili kabla yake, mwaka huohuo, pwani ilikuwa imeonjeshwa cheo kikubwa zaidi, na hiyo nitaifikia.

Neno letu wenyewe la mwenye chombo, nahodha, lilitoka Uajemi likiwa na maana ya bwana wa meli. Kwa karne nyingi ndilo lililokuwa na heshima kuliko yote majini: nahodha ndiye aliyejua misimu ya kaskazi na kusi, ndiye aliyeaminiwa mali ya matajiri wa Lamu, Mombasa na Unguja. Siku hizi ukisikia nahodha redioni, uwezekano mkubwa ni kwamba mtangazaji anamzungumzia mchezaji aliyevaa kitambaa mkononi. Jeshi halikumchukua nahodha, likachukua kapteni. Nadhani tulipoteza kitu hapo, lakini mpira umeshamchukua mzee na haumrudishi.

Sasa admirali mwenyewe. Watu wengi huamini ni neno la Kizungu, tena la Kizungu hasa, kwa jinsi linavyovaa kofia na vifungo vya dhahabu. Kumbe ni jamaa wa karibu wa neno ambalo Mtanzania hulisikia kila Rais anapohutubia wanajeshi. Ibara ya 33 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Amiri ni mtoa amri, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa amri, kuamuru na kuamrisha. Lilifika kwetu kwa njia ya moja kwa moja, na upepo wa kaskazi.

Ndugu yake alipitia kaskazini. Kisiwa cha Sisilia kilikuwa chini ya watawala Waislamu kabla ya Wanormani kukiteka katika karne ya 11. Wanormani hawakuwa wajinga: waliacha makarani, kodi na vyeo vya Kiarabu viendelee kufanya kazi. Mfalme Roger wa Pili alimpa mkuu wa serikali na meli zake, George wa Antiokia, cheo cha amiri wa maamiri. George alikuwa Mkristo aliyewahi kuwatumikia watawala Waislamu kule Mahdia, Tunisia ya leo, na kanisa alilolijenga mjini Palermo mwaka 1143 bado linaitwa kanisa la Admirali. Kwa kuwa yeye na waliomfuata waliongoza meli, neno lililokuwa na maana ya mkuu yeyote likaanza kunuka chumvi. Waandishi wa Kilatini wakalichanganya na neno lao la kustaajabia, wakaliongezea herufi d ambayo Mwarabu hakuwahi kuitamka. Likapita Genoa, Hispania, Ureno, Ufaransa na Uingereza, na kila lilipofika likaongezewa nishani.

Njia hizo mbili zilikutana Kilwa mwaka 1502. Vasco da Gama, ambaye safari ya kwanza ya 1498 alikuwa ameongoza vyombo vichache vilivyochoka, sasa alirudi na meli kama 20 na cheo kipya kutoka kwa Mfalme Manuel wa Ureno: Admirali wa Bahari ya Hindi. Bahari yenyewe hakuwa ameishinda, wala wenyeji wake hawakuwa wamesikia kwamba ina admirali. Aliyekuwa akitawala Kilwa alikuwa Ibrahim, ambaye hakuwa sultani wa ukoo bali amiri aliyeshika madaraka. Kwa hiyo walikutana amiri wa nchi kavu na admirali wa majini, vyeo vya mzizi mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na sababu ya kulifikiria hilo. Da Gama alitisha kuuchoma mji, Ibrahim akakubali kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 sonara akamaliza kuifua kuwa chombo cha ibada ambacho hadi leo kimewekwa makumbusho mjini humo. Mwaka 1505 Wareno walirudi chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji, na Amiri Ibrahim akakimbia.

Karne hiyohiyo Mturuki Ali Bey, aliyeanza kuizungukia pwani yetu mwaka 1585 na kukamatwa Mombasa mwaka 1589, alijulikana kwa jina la Mir, ambalo ni amiri lililokatwa kichwa. Ukiongeza na Zheng He, ambaye meli za msafara wake zilifika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15 na ambaye vitabu vya leo humwita admirali bila kupepesa macho, utaona kwamba cheo hiki hugawiwa kwa ukarimu. Zheng He alikuwa towashi wa kasri na mjumbe wa mfalme wa China. Cheo cha admirali tumempa sisi tuliokuja baadaye, kwa sababu hatukujua neno jingine la mtu mwenye meli nyingi.

Waingereza, Wareno na wenzao walipoanza kupigana kwa makundi makubwa ya meli za matanga, tatizo lao halikuwa jina, lilikuwa kuonana. Katikati ya moshi wa baruti nani anatoa amri? Jibu lilikuwa kitambaa. Meli aliyomo mkuu ilipeperusha bendera yake binafsi juu ya mlingoti, na wengine wote waliitazama hiyo. Hapo ndipo lilipotoka jina la jumla la vyeo hivi: maofisa wa bendera. Kundi la meli liligawanywa sehemu tatu. Admirali alikaa katikati, msaidizi wake, Vaisi Admirali, aliongoza mbele, na mdogo wao alilinda mkia, ndiyo maana akaitwa admirali wa nyuma, yaani Ria Admirali. Waholanzi walikuwa na jina tamu zaidi kwa huyu wa tatu: walimwita mwangalizi wa usiku, na jeshi lao la majini bado linamwita hivyo.

Komodoo alibaki mlangoni. Kwa Waingereza hakuhesabiwa kuwa ofisa wa bendera. Alipewa bendera yenye mkia uliochanwa, mfano wa mkia wa mbayuwayu, na kwa muda mrefu ulikuwa wadhifa wa muda tu: ukimaliza kazi unarudi kuwa Kapteni. Ulifanywa cheo kamili mwaka 1997. Wamarekani walichoka kabisa na utata huo, wakaliondoa jina miaka ya 1980 na kuweka Ria Admirali wa daraja la chini. Kwa msomaji wa kawaida haya ni mambo ya tarizi na mikanda ya mikono: mkanda mpana mmoja Komodoo, ukiongezewa mwembamba mmoja Ria Admirali, miwili Vaisi, mitatu Admirali. Kwa wenyewe, ni suala la nani anampigia saluti nani.

Pwani ya Waswahili ilijifunza maana ya bendera hizo kwa mizinga. Desemba 1888, wakati Abushiri bin Salim na wenzake wameshaikataa kampuni ya Wajerumani, meli za Ujerumani chini ya Admirali Deinhard na za Uingereza chini ya Admirali Fremantle zilifunga pwani nzima, kwa kisingizio cha kuzuia biashara ya watumwa na silaha. Oktoba 1890 Fremantle huyohuyo alishuka nchi kavu na mabaharia wake, akaenda kuuchoma mji wa Witu wa Sultani Fumo Bakari. Agosti 1895 alikuja mwingine, Ria Admirali Harry Rawson, naye akaacha meli na kupanda hadi Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Utaona maadmirali hawa hawakuwa na adui baharini. Walikuja kupigana na watu wa nchi kavu, na bahari ilikuwa barabara yao tu.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani wa Zanzibar, Hamad bin Thuwaini, alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ruhusa ya Waingereza. Rawson alikuwa amewasili na meli ya St George, iliyobeba bendera yake. Saa tatu asubuhi muda aliopewa Khalid ukaisha, na dakika chache baadaye mizinga ikaanza. Kwa muda usiofika saa nzima, wengi husema dakika 38, watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa palepale bandarini, na milingoti yake iliendelea kuchomoza majini hadi mwaka 1912 ilipoondolewa. Watoto wa Forodhani walikua wakiitazama, bila bendera. Mwaka uliofuata Rawson alikuwa Afrika Magharibi akiongoza uvamizi wa Benin, ule uliozipeleka shaba za mfalme kwenye makumbusho ya Ulaya.

Kuna mtu mwingine wa siku zile ambaye ningependa maofisa wa Duluti wamjadili darasani. Lloyd Mathews alikuwa Luteni wa jeshi la majini la Uingereza katika meli ya London iliyokuwa ikikaa Unguja. Mwaka 1877 Sultani Barghash alimwomba amfundishie askari, na huyu luteni wa meli akajikuta Brigedia Jenerali wa jeshi la nchi kavu la Sultani, baadaye Waziri wa Kwanza wa serikali. Akavuka kutoka ngazi ya majini hadi ya nchi kavu na kuruka vyeo kadhaa njiani, na hakuna aliyemuuliza cheti.

Lakini bingwa wa kujipandisha alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mwaka 1915 huyu Luteni Kamanda alitumwa na London kwenda kuwaondoa Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Alikuwa na mashua mbili zilizoitwa Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kisha kuburutwa kwa matrekta na maksai kupitia misitu ya Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Husimuliwa kwamba kambini kwake kando ya ziwa, juu ya kibanda chake, alipandisha bendera ya Vaisi Admirali, ngazi kadhaa juu ya alichostahili. Alivaa pia sketi aliyoibuni mwenyewe. Wabelgiji wa Kongo, waliokuwa wenyeji wake, hawakuchekeshwa. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, hakuithubutu, nayo ndiyo iliyozamishwa na wenyewe, ikaibuliwa baadaye na kuwa MV Liemba, ambayo imewavusha watu wa Kigoma kwa vizazi bila kuhitaji ofisa yeyote wa bendera.

Hayo ni ya wageni. Sisi wenyewe tulianza kwa tahadhari. Maasi ya Januari 1964 yaliiondoa Tanganyika Rifles, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Upande wa majini ulijengwa kwa msaada wa China, na kituo cha Kigamboni kikakamilika mwaka 1971. Kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuki: China ilikuwa imefuta vyeo vyote vya kijeshi mwaka 1965, na haikuvirudisha hadi 1988. Walimu waliokuja kutufundisha kuendesha boti za mizinga walitoka katika jeshi lisilo na makapteni, makomodoo wala maadmirali. Na hata Wachina walipovirudisha vyeo, hawakuwa na neno la pekee la admirali. Huyo wao ni jenerali tu, ila wa majini.

Sidhani kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini kwa miaka mingi mkuu wa wanamaji wa Tanzania aliitwa kwa vyeo vya nchi kavu, Brigedia Jenerali au Meja Jenerali, na msomaji hakuwa na shida. Baadaye vyeo vya majini vikaanza kutumika, na majina kama Ria Admirali Ramson Mwaisaka yakaingia kwenye taarifa za habari. Hapo wahariri wakaanza kukuna vichwa. Wengine huandika admeri, wengine admirali, na wengine huacha cheo kizima kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili kama jiwe kwenye wali. Zanzibar wao walishamaliza mjadala kwa upande wao: Mkuu wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, ni Komodoo, limeandikwa kwa herufi mbili za o mwishoni, na hakuna mtoto wa Kibweni anayelishangaa. Komodoo Azana Hassan Msingiri anatajwa redioni kwa urahisi uleule anaotajwa Sheha.

Majirani wamekwenda kila mmoja na njia yake, na hili ndilo linaloifanya Arusha kuwa mahali pazuri pa kulitafakari, kwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Kenya ina jeshi la majini lililozinduliwa Desemba 1964, lenye ngome yake Mtongwe, Mombasa, na imebaki na vyeo vya nchi kavu. Mkuu wa wanamaji wa Kenya ni Meja Jenerali. Wanamaji wawili wamefika kileleni: Joseph Kibwana, mkuu wa majeshi tangu 2000 hadi 2005, na Samson Mwathethe tangu 2015 hadi 2020. Wote waliitwa Jenerali, ingawa maisha yao ya kazi yalikuwa ya meli. Kongo, ambayo pwani yake ya bahari haizidi sana kilomita 40, ilikuwa na Vaisi Admirali Didier Etumba, aliyeteuliwa mkuu wa majeshi mwaka 2008, wakati vita vikubwa vya nchi hiyo vilikuwa Kivu, kwenye milima na misitu. Uganda ina wanamaji wa ziwani wenye vyeo vya kawaida vya jeshi. Somalia, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2024, imewahi kuwa na maadmirali wake.

Sasa wafikirie maofisa itifaki. Mkutano wa wakuu wa majini ukifanyika Arusha, Meja Jenerali wa Mombasa na Ria Admirali wa Kigamboni ni sawasawa, kazi ileile, mkanda uleule wa hadhi, lakini mpanga viti asiyejua anaweza kumweka mmoja juu ya mwingine. Ukienda Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili wanaishi na baadhi yao wamevaa sare, utakuta kioja kikubwa zaidi: Waarabu waliotoa neno amiri hawalitumii kwa cheo hiki. Mkubwa wa majini wa Oman ni liwaa, cheo cha Meja Jenerali, kikifuatwa na neno la bahari. Amiri ameachwa kwa watawala wa nchi na wana wa wafalme. Wenye neno wakaliacha, Wazungu wakaliokota, nasi tukalipokea mara mbili: mara moja kutoka Arabuni likabaki kwa Rais, mara ya pili kutoka Ulaya likapewa ofisa aliye chini yake.

Kutokana na hilo wapo wanaopendekeza tuseme tu “amiri wa majini” na kuachana na admirali. Ni pendekezo zuri sikioni, na lina haki ya kihistoria, lakini mimi siliungi mkono. Amiri Jeshi Mkuu ni mmoja kikatiba. Ukianza kuwa na maamiri wengine wadogo, hata kama ni wa majini tu, utakuwa umepunguza uzito wa cheo ambacho maana yake nzima ni kwamba hakina mwenza. Admirali, kwa ugeni wake, inatusaidia kutenganisha. Jemadari nalo, neno lililoletwa na askari wa Kibaluchi wa masultani wa Zanzibar, limeshazoeleka kwa majenerali wa nchi kavu na kwa mashujaa wa hadithi, na kulivusha majini kungeleta vurugu nyingine.

Kinachotakiwa ni kidogo zaidi ya hapo: tahajia moja, na mazoea ya kutaja upande. Kapteni wa majini aandikwe hivyo, kwa maneno matatu. Ria Admirali aandikwe kwa Kiswahili, kama tulivyokwisha kufanya kwa Brigedia, Meja, Luteni na Kanali, ambavyo vyote viliingia kwetu vikiwa wageni na leo vina watoto na wajukuu. Hakuna anayeandika “Colonel” katikati ya habari ya Kiswahili na kuona ni sawa. Kwa nini basi mtu wa meli aachwe nje ya lugha?

Kikosini kwenyewe mambo ni mepesi. Askari wa zamu akimwona mkubwa, awe wa meli, wa ndege au wa kifaru, husimama wima na kusema jambo afande. Afande ni neno la Kituruki lililofika na askari wa Kisudani katika majeshi ya kikoloni, na halina habari na mikanda ya mikono. Linamtosha Luteni Usu na linamtosha Jenerali. Kazi ya kujua nani ni nani imeachiwa bega, na kwa wanamaji, imeachiwa mkono wa koti.

Swali moja ambalo Tanzania haijalazimika kulijibu ni lile ambalo Kenya imelijibu mara mbili. Kuanzia Sarakikya hadi Mkunda, kila Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ameitwa Jenerali. Siku ofisa aliyekulia Kigamboni na kusomea Duluti atakapoteuliwa, itabidi mtu aamue: abaki wa majini na kuwa Admirali kamili wa kwanza katika historia ya nchi, mwenye mkanda mpana mmoja na myembamba mitatu, au avuliwe koti la bluu na kuitwa Jenerali kama Kibwana na Mwathethe. Mimi ningempa Admirali, ila nakiri kwamba mwendesha gwaride atahitaji wiki nzima ya mazoezi ya kulitamka.